Shule ya msingi kijijini inaletewa vishikwambi 25 vya watoto, tuvitumieje?

Mwenyekiti wa Kamati (Muheza)

Habari za asubuhi wakuu. Naomba mnisaidie mawazo kabla sijaitisha kikao. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule moja ya msingi ya serikali huku Muheza, shule ya kijijini, watoto mia sita na ushee, walimu tisa ukimtoa mwalimu mkuu. Kuna kijana wetu alisoma hapa, sasa yuko Maskati anatafuta maisha, Mungu kamjalia na ameikumbuka shule, anataka kutuletea vishikwambi 25 vipya. Si vya walimu, ni vya watoto, hilo amelisisitiza. Alipokuja likizo aliingia darasa la tatu akakuta watoto 84, mwalimu mmoja, kitabu kimoja kinagombaniwa na watoto wanne watano, yule wa pembeni kabisa anasoma kitabu kikiwa ubavu. Akatoka mle hajasema kitu, jioni ndo akanipigia simu.

Sasa kelele zimeanza na vyenyewe havijafika. Mwalimu mkuu anasema vikija vitakaa kabatini ofisini kwake maana vikipotea yeye ndo ataulizwa. Mwalimu wa la tatu, binti mdogo lakini mchapakazi, anasema kama ni vya kabatini bora visije. Wazazi wengine wanauliza kwa nini isiwe matundu ya vyoo, wengine wanahofia watoto kuangalia mambo ya ajabu. Afu mzee mmoja kwenye kamati kaniuliza, mwenyekiti, watoto 84, vishikwambi 25, hao wengine watakuwa wanaangalia ukuta? Nikakosa jibu.

Umeme tunao, wa REA, ila umeishia ofisini na kwa mwalimu mkuu, madarasani hamna soketi hata moja. Mtandao mpaka upande kilimani. Naomba wenye uzoefu mniambie vinafaa darasa gani, viwekwe nini ndani, vichajiwe wapi, na kubwa zaidi je kweli vinamsaidia mtoto kujua kusoma au ni mapambo ya kupigia picha siku ya makabidhiano. Mambo ya Ulaya msiniletee, niambieni ya huku kwetu.

Mwl. wa KKK

Shikamoo mwenyekiti. Nafundisha la kwanza na la pili huku Sengerema, nina watoto wengi kuliko hao wako kwaiyo nakuelewa vizuri sana.

Nianze na vile vya kwetu sisi walimu maana najua kwenye kikao kuna mtu atasema "mbona walimu walipewa na hatujaona kitu". Mwishoni mwa 2022 serikali iligawa vishikwambi 293,400 kwa walimu na watu wa elimu, sehemu kubwa ni vile vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka huo. Mimi changu kinafanya kazi mpaka leo, nasomea mafunzo ya MEWAKA yale ya walimu walioko kazini, nashusha vitabu vya Taasisi ya Elimu (TET) kutoka maktaba mtandao nikiwa mjini wikiendi, nikirudi nafungua bila bando. Kinanisaidia kuandaa somo. Ila ukisimama mbele ya watoto 90 umeshika kishikwambi kimoja juu, anayeona ni dawati la kwanza na la pili, huko nyuma wanaona mwanga tu. Kwaiyo cha mwalimu ni cha mwalimu, hakikuja kutatua shida ya darasa.

Sasa swali la huyo mzee wenu, na mpe heko zangu kwa sababu ndo swali lenyewe. Usigawe 25 kwa watoto 84 kwa mkupuo. Ukifanya hivo watatu wanne kwenye kimoja, mwenye kidole chepesi anabonyeza wengine wanashangilia, na mara nyingi mwenye kidole chepesi ndiye ambaye tayari anajua kusoma. Gawa darasa makundi manne ya watoto 21. Kundi moja linachukua vishikwambi, kila mtoto na chake, vinne vinabaki akiba maana lazima kuna vya kuharibika. Hao 21 wanakwenda chumba kingine au barazani na mtu mzima wa kuwaangalia. Na hapa ndo watu wengi hawapaoni: mwalimu aliyebaki ndani sasa ana watoto 63 badala ya 84. Bado wengi, lakini anaweza kupita katikati ya madawati, anaweza kusikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma. Faida nusu iko kwa wale ambao siku hiyo hawana kishikwambi.

Niliwahi kuona hii kwenye shule moja jirani ambako kulikuwa na mradi. Watoto vidole vina vumbi la chaki, skrini haisikii, mtoto anabonyeza kwa nguvu mpaka kwa kucha, mwenzake anamwambia "pangusa kwanza kwenye sweta". Akapangusa ikakubali. Alikuwa anaburuta silabi kuunda neno, akikosea sauti inamrudisha bila kumgombeza, anarudia, anarudia, hamna anayemcheka. Kwenye darasa la watoto 90 huyo huyo hawezi kukosea mara tano mfululizo mbele ya wenzake akabaki na hamu ya kunyoosha mkono tena.

Darasa gani? Mimi nasema la kwanza na la pili, KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hao wa la tatu mnaohangaika nao wengi tatizo lao lilianzia huko nyuma.

Mkamba Halisi

Salamu kutoka Kitui ndugu mwenyekiti. Sisi huku Kenya tuliipitia hii kitu kwa upana wa nchi nzima kwaiyo nikuambie vile ilikuwa, uchukue yenye itakufaa.

Ahadi ilitolewa kwa kampeni za 2013, laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tenda ya kwanza ikaishia kortini, mambo yakalala, halafu 2016 mpango ukarudi na sura mpya, zikawa ni tableti. Vyuo vikuu vya Moi na JKUAT ndivyo vilishirikiana na kampuni za nje kuzitengeneza. Kwa jumla zaidi ya vifaa milioni 1 vilienda kwa shule zaidi ya 21,000, na kila shule ilipata tableti za wanafunzi, laptopu mbili za walimu, projekta, na kasanduku ka seva yenye ruta ndani ili masomo yapatikane bila intaneti. Kwa karatasi ilikuwa imepangwa vizuri kabisa, hata umeme ulikimbizwa mashuleni kwa ajili ya hiyo programu na kwenye nguzo hazikufika wakawekewa sola.

Sasa kwa ground. Shule yenye nilikuwa nafundisha, tuliambiwa kabla vifaa vije lazima chumba kiwe na grili kwa madirisha, mlango wa chuma na mlinzi wa usiku. Wazazi wakachanga. Vifaa vikaja, watoto wakaimba, picha zikapigwa. Halafu zikaingia hiyo chumba na hiyo grili ikazilinda kweli kweli, hata sisi walimu. Ufunguo ulikuwa na mtu mmoja. Akiwa kwa mkutano hamna somo la tableti. Akiwa mgonjwa hamna. Kipindi ni dakika 30, kutoa tableti, kuhesabu, kuandikisha, kugawa, kuwasha, ni dakika 15 zimeenda, na lazima uzirudishe na kuhesabu tena. Mwalimu akifanya hiyo hesabu mara mbili tatu anaamua chaki iko karibu. Ilifika mahali betri zimekaa bila chaji mpaka zingine zikafura mgongo, na hakuna mwizi aliwahi kugusa.

Kwaiyo mwalimu mkuu wako si mtu mbaya, naomba umwelewe. Kila mahali hizi vitu zinaenda, kupotea kuna barua ya kuandika, kukaa bila kutumika hakuna barua. Mtu yeyote atafunga kabati. Mkitaka afungue, hiyo hofu lazima kamati iibebe pamoja naye, iwe kwa maandishi.

Ingine, hao watoto wa darasa la kwanza wa 2016 ndio walifanya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ya mwisho kabisa 2023. Mtoto anapita shule nzima kabla watu wazima wamalize kubishana.

Mzee wa Hoja

Nasoma hapa natikisa kichwa. Mwenyekiti, mrudishie kijana wako shukrani na mwambie hela hiyo hiyo inunue vitabu. Kishikwambi kimoja cha maana bei yake unapata rundo la vitabu vya hadithi vya watoto, hakichajiwi, hakina nywila, kikidondoka unakiokota. Miaka mitano baadaye kitabu kimechakaa lakini kinasomeka, kishikwambi kimeshakuwa kioo cha kujitazamia.

Umesema usiletewe ya Ulaya ila kuna ya Peru, nchi inayoendelea kama sisi. Waligawa laptopu kwa shule za vijijini kwa wingi wa kutisha, watafiti wakafuatilia shule zaidi ya 300, ripoti ikatoka 2012: hisabati na lugha, watoto waliopata na wasiopata hamna tofauti. Na hao Uswidi ambao walishaingiza skrini mpaka chekechea, 2023 serikali yao imetoa pesa kurudisha vitabu vya karatasi. Sisi tunakimbilia wanakotoka wenzetu.

Na vyoo. Wazazi wanaouliza vyoo msiwaone washamba. Mtoto wa kike wa la sita asiye na pa kujisitiri anakaa nyumbani, kishikwambi atakitumia saa ngapi?

Binti Mwambao

Mzee wa Hoja heshima yako, ila Peru waligawa mashine bila mpango wa kufundishia, ndo maana. Sasa mwenyekiti kasema tumletee ya kwetu, na mimi nashangaa hakuna aliyemwambia kwamba jaribio kubwa la hii kitu lilifanyika mkoani kwake mwenyewe! Tanga!

Kulikuwa na shindano la dunia linaitwa Global Learning XPRIZE, zawadi ya juu dola milioni 10. Timu zilitakiwa kutengeneza programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu. Zikabaki timu tano, na programu zao zikaletwa kwenye vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000, kwa miezi 15 kuanzia mwishoni mwa 2017. Vishikwambi vilitoka Google, aina ya Pixel C. UNESCO, WFP na serikali yetu ndo waliosimamia huku chini. Wengi wa hao watoto walikuwa hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya 9 kwa kila 10 walikuwa hawawezi kusoma neno hata moja. Kila kijiji kilijengewa kituo cha kuchajia cha sola na kukawa na mama wa hapo hapo kijijini wa kuangalia, si mwalimu, ni mama tu anayeaminika, watoto wanamletea vinachajiwa kesho wanachukua.

Mei 2019 washindi wakatangazwa wawili wakagawana, Kitkit School na onebillion. Nilikuwa napita vijiji fulani kwa kazi zangu nyingine kabisa, sikuwa mtu wa mradi, na nilikuta watoto wamejibanza kwenye kivuli cha mwembe, mkubwa anamfundisha mdogo wake jinsi ya kuburuta namba, kishikwambi kimezungushiwa kitenge kisipate vumbi. Mama mwenye mwembe anapiga kelele ndani "rudisheni kwa mama fulani jua linazama". Kijiji kizima kilikuwa kinajua vile ni vingapi na viko nyumba gani. Grili ya nini?

Na programu za timu zote tano zilitolewa bure, msimbo wake (source code) uko kwenye tovuti ya GitHub, mtu yeyote anaruhusiwa kuchukua. Onebillion hao hao wanatumika Malawi, serikali ya kule imeamua ni mpango wa nchi kwa darasa la kwanza mpaka la nne, watoto wanaingia kwa zamu kama alivyoeleza mwalimu wa Sengerema.

Mzee wa Hoja

Binti, malizia basi. Baada ya hiyo miezi 15 ni wangapi walijua kusoma?

Binti Mwambao

Wale wasioweza kusoma neno hata moja walipungua kwa kama nusu. Najua utasema nusu nyingine je.

Mzee wa Hoja

Ndo nasema hivo hivo. Nusu nyingine je? Miezi 15, mabilioni ya hela, Google, UNESCO, na bado karibu nusu hawasomi neno. Mwalimu mzuri na ubao angefanya zaidi.

Binti Mwambao

Mwalimu mzuri hakuwepo mzee wangu, ndo sababu vile vijiji vilichaguliwa. Ila nakubali kitu kimoja, kwa mwenyekiti ambaye tayari ana shule na ana walimu, kile cha "bila mwalimu" si cha kuiga.

Mwl. wa KKK

Naomba niongeze hapo kwa sababu kuna kitu kilifanyika Kisumu na huwa nakiwaza sana. Watafiti walilinganisha njia tatu: shule zingine watoto walipewa vifaa vya kusomea vya kielektroniki, zingine walimu ndo wakapewa vishikwambi, na zingine vishikwambi wakapewa wale wakufunzi wa kata wanaozunguka kukagua na kuwashauri walimu. Zote tatu watoto walisoma vizuri kuliko shule ambazo hazikupewa kitu, lakini baina yao hakukuwa na tofauti ya maana, na kwa gharama iliyoshinda ni ile ya kumpa kishikwambi mkufunzi anayezunguka, kwa sababu vifaa ni vichache na vinagusa shule nyingi. Baadaye Tusome, ule mpango wa Kenya wa kufundisha watoto kusoma, ikaenda kwa mtindo huo.

Kwaiyo Mzee wa Hoja hayuko mbali na ukweli, kilichobeba ni mwalimu kufundisha kwa mpangilio na kufuatiliwa. Lakini mwenyekiti hajaulizwa achague kati ya vitabu na vishikwambi. Mfadhili kaamua. Sisi tumsaidie visioze.

Mkamba Halisi

Mwalimu umesema ukweli. Kwetu hao wa Tusome, afisa akija na tableti yake anakaa nyuma ya darasa, anabonyeza vile unafundisha, akimaliza mnakaa chini ya mti anakuonyesha. Hiyo ilinisaidia mimi kama mwalimu kuliko chumba kizima chenye grili.

Fundi Chaja

Mimi si mwalimu ila vifaa nimeshavitengeneza vya kutosha, hasa vya shule na hospitali za misheni. Niongee ya kifundi.

Umeme usiwatishe kabisa. Kishikwambi chenye betri ya 5,000 mAh kinakula kama saa-wati 19 kikijaa kutoka sifuri, weka na upotevu wa chaja tuseme 25. Mara vishikwambi 25 ni saa-wati 625, yaani haifiki hata uniti moja ya LUKU kuvijaza vyote. Na kwa siku watoto hawamalizi chaji yote. Kwaiyo mtu akisimama kikaoni akasema umeme utawafilisi, mwambie umeme wa pasi unazidi.

Shida ni soketi. Mtachukua ekstensheni ya kichina mtaunganisha na nyingine na nyingine, chaja 25 kwenye soketi moja ya ofisini, hapo ndo moto unapotokea. Nunueni chaja zenye matundu mengi ya USB, zile za matundu 10 zenye swichi na fyuzi, tatu zinatosha, fundi umeme awavutie laini moja peke yake kutoka kwenye meinswichi. Fundi wa mbao atengeneze kabati lenye rafu za wima kama za kuanikia sahani, kila kishikwambi kina namba yake na nafasi yake imeandikwa namba hiyo hiyo, matundu ya hewa nyuma. Hapo kuhesabu ni kutupia jicho tu, nafasi tupu inajionyesha. Kaka wa Kitui hizo dakika 15 zako zingekuwa tatu.

Mkivijaza visibaki kwenye chaji usiku kucha wiki nzima. Likizo ya Juni na ya Desemba viwekwe na chaji kama nusu, vizimwe kabisa, visiachwe sifuri. Kile kilichofura msikitoboe wala msikichaji tena, mtoe nje ya jengo.

Kuhusu kununua, mwambie kijana asibebe kutoka Maskati. Vishikwambi 25 kwenye begi pale uwanja wa ndege ataulizwa maswali na kodi, na kikipasuka skrini hapa kioo cha aina hiyo hakipatikani. Bora atume hela vinunuliwe Dar kwa risiti ya EFD na warantii, aina moja vyote, ile ambayo vioo vyake vimejaa Kariakoo. Na viwe vya waifai tu visivyo na laini ya simu. Visivyo na laini havimo kwenye mambo ya IMEI ya TCRA, hamna mtu atatia laini yake aingie mtandaoni, na yale "mambo ya ajabu" ya wazazi yameisha hapo hapo. Kava la mpira zito, na hedifoni za waya za bei rahisi, nunua nyingi maana hizo zinakufa kila wiki. Bila hedifoni watoto 21 kila mmoja kishikwambi kinamsomea "ba be bi" ni soko la samaki.

Ndani weka Kolibri, ni programu ya masomo ya bure, inafanya kazi bila intaneti na ina Kiswahili. Unakijaza kimoja kikubwa au kompyuta ndogo kama Raspberry Pi mnakuwa na seva yenu, vingine vinavuta kutoka hapo. Zile za XPRIZE ni nzuri lakini zilitengenezewa Pixel C, kwenye vifaa vingine zinaweza kugoma, mtafute kijana anayejua aangalie kabla ya kununua vyote. Nunua kimoja kwanza, jaribu, ndo ununue 24.

Mama Wawili

Samahani naingilia, mimi mzazi tu. Macho ya watoto je? Wangu akishika simu yangu nusu saa anaanza kuyafikicha.

Mwl. wa KKK

Dada kwa zamu hizo mtoto anapata kama kipindi kimoja, dakika 30, na si kila siku, mara mbili tatu kwa wiki. Si sawa na kukaa na simu ya mama jioni nzima. Wakae kivulini tu, juani mtoto anaongeza mwanga mpaka mwisho na bado anakodoa.

Mwenyekiti wa Kamati (Muheza)

Wakuu nimekaa hapa nimesoma yote na nimemsomea mwalimu wa la tatu kwa simu, amecheka aliposikia ya Kitui. Mzee wa Hoja usidhani nimekupuuza, nitamwomba kijana apunguze viwe 21 na akiba ndogo kuliko ile ya vinne, hela ya vinavyobaki iende kwenye vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya la kwanza na la pili, na vyoo tunaanza wenyewe na tofali za kijiji, hilo lilishapita kwenye mkutano wa hadhara.

Nimebakiwa na mawili. La kwanza hofu ya mwalimu mkuu, tunaiandikaje? La pili huyo mtu mzima wa kukaa na watoto 21 barazani, walimu tisa kwa madarasa yote na la awali, simpati.

Mkamba Halisi

La kwanza nilisema, maandishi. Kwetu kuna shule jirani ilifanya hivi: viliandikwa kwa daftari ya mali ya shule na namba zake zote, halafu kamati ikapitisha kwa kikao kwamba kifaa kikiharibika au kupotea kikiwa kwa matumizi ya kawaida ya darasani, si deni ya mwalimu. Wote wakasaini, mwenyekiti na wazazi wawili pamoja.

Afisa Mstaafu

Kwa utaratibu wa huku, muhtasari huo upitie kwa Afisa Elimu Kata uende kwa mkurugenzi, msaada upokelewe rasmi kabla ya vifaa kufika. Vikishaingia kwenye leja ni mali ya umma, hata yule kijana hana tena sauti, mwambieni mapema asije akakasirika. Na ufunguo uwe wa watu wawili, mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, iandikwe humo humo. Mwalimu mkuu akiona jina lake halipo peke yake hiyo hofu inapungua, nimesimamia shule miaka mingi najua wanavyolala.

Mtaala pia angalieni. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, kwaiyo programu iliyotengenezwa zamani mwalimu aipitie aone inaendana vipi, isije mtoto akajifunza vingine akapimwa vingine. KKK si tatizo sana, silabi ni zile zile.

Binti Mwambao

La pili nalijibu mimi. Mama wa kijiji! Si lazima awe mwalimu. Kazi yake ni kuwasha, kugawa, kuhakikisha Juma hajachukua cha Mwanaidi, kuvirudisha na kupangusa. Vile vijiji vya Tanga walikuwa ni akina mama wa kawaida kabisa. Mtafuteni mwenye mjukuu hapo shuleni, kamati impe chochote mwisho wa mwezi.

Mwl. wa KKK

Naunga mkono ila mama huyo awe na daftari. Kila siku aandike namba ya kishikwambi na jina la mtoto, mtoto akae na namba ile ile muhula mzima, kwa sababu programu inakumbuka alipoishia. Akibadilishiwa anaanzishwa upya au anarushwa mbele kwenye kazi za mwenzake, na mwalimu akifungua kuangalia maendeleo anaona ya watoto wawili yamechanganyika. Kwa kuwa makundi ni manne, kila kifaa kitatumiwa na watoto wanne kwa zamu, fungueni majina manne kwenye kila kimoja, weka picha ya mnyama kwa kila jina maana wa la kwanza hajajua kusoma jina lake. Yule wa simba anajua yeye ni simba.

Mwenyekiti wa Kamati (Muheza)

Mama yupo, alikuwa anauza vitumbua pale getini, ana wajukuu watatu shuleni na watoto wote wanamwogopa. Kikao ni Alhamisi. Fundi Chaja, hizo chaja za matundu 10 Tanga mjini zinapatikana au mpaka Dar?

Fundi Chaja

Tanga sijaziona, agiza Dar waweke kwenye basi. Ila mwambie muuzaji aziwashe zote kwa pamoja na simu kumi kabla hujatuma hela, nyingi zimeandikwa ampea ambazo hazipo.